Vichwa Kumi na Viwili Majini

Jumatatu, 3 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Miguu bado inavimba kwa kusimama kutwa? Mimi huku sijambo. Ninakula, ninalala, na ninagombana na jirani wa juu kuhusu bomba lake linalodondosha maji kwenye dari yangu. Mtu anayeyaweza yote matatu hawezi kuitwa mgonjwa.

Juzi kwenye simu uliniuliza habari nikakujibu "nzuri", kisha nikabaki na simu mkononi najiona mwongo. Simu ina tabia hiyo, unajibu kabla hujaulizwa vizuri. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Kazini ni kulekule. Bwawa limepakwa rangi mpya, bluu iliyopauka, na asubuhi jua likipenya vioo vya paa, mwanga unacheza ukutani mpaka unasahau ulikuja kufanya nini. Nimepewa darasa jipya: watoto kumi na wawili, wa miaka sita na saba. Anayeweza kuelea ni mmoja. Wengine wananing'inia shingoni mwangu kama mataulo. Filimbi anakusalimu. Tumbo limeanza kumtangulia, lakini bado anakaa kwenye kile kiti kirefu cha mwokoaji kama jaji. Miaka kumi na tisa tuko pamoja, na hadi leo akiipuliza ile filimbi yake mimi nashtuka.

Sasa nikuambie jambo, na usinipigie kelele. Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi za kwetu na mfuko wa viazi. Nilipofika ghorofa ya pili moyo ukaanza kurukaruka kifuani kama samaki ndani ya ndoo. Haukuuma, ulirukaruka tu. Nikaketi kwenye ngazi. Kisha ukaja utulivu wa ajabu. Kelele za watoto wa uani zikaenda mbali, mwanga wa dirishani ukapanuka, nami nikawa kama mtu aliyelala chali majini na masikio yamezama, anawasikia watu wa ukingoni lakini hawamhusu. Sijui nilikaa muda gani. Jirani wa juu alipopita akaniuliza, "Mwalimu, unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu," nikamwambia. "Napumzika."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesahau kama nilikuwa napanda au nashuka. Nikatazama viazi, nikajua napanda.

Nilipomwambia hivyo tulicheka sana mimi na yeye, hata bomba lake nikalisamehe kwa siku moja. Nawe cheka.

Mama yako


Jumatano, 19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama. Miguu imetulia tangu Fundi Mkuu akubali nifanye vipimo nimeketi. Wiki hii tumepima pampu arobaini za majumba marefu. Nikitoka karakanani, masikio yanavuma mpaka nafika kitandani.

Pale pa viazi nilicheka. Nikasoma mara ya pili, kicheko hakikuja.

Mama, huko kurukaruka kwa moyo kumekupata mara ngapi? Tafadhali usiseme mara moja. Desemba uliniambia umekaa kituoni mabasi mawili yakakupita, na nilipouliza kwa nini ukasema "palikuwa pazuri". Nilidhani umechoka. Jumapili ile ulinisimulia habari ya rangi ya bwawa, tukaongea mengine, kisha ukaanza kunisimulia upya, neno kwa neno, kwa furaha ileile. Niliona haya kukukatiza. Sasa najuta kwamba niliona haya.

Nenda hospitali, Mama. Mwambie daktari kuhusu moyo na kuhusu ngazi, yote mawili, usichague linalochekesha.

Nakukumbatia sana.

Binti yako


Jumapili, 9 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Baridi imepungua? Huku tuko salama, na mimi ni mzima kuliko unavyonitakia. Umekuwa mkali kama mama mkwe. Nilipokuwa nakubadilisha nepi sikujua nalea mkuu wa polisi.

Haya, nitakujibu. Si mara moja. Ni mara sita au saba. Zaidi ya hapo sikuhesabu.

Na nitakuambia na lingine ambalo sijamwambia mtu: napenda. Usishtuke. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuhesabu. Nimehesabu pumzi, sekunde, urefu wa bwawa, vichwa. Nilipofiwa na baba yako nilihesabu hata vijiko kabatini, ili kichwa kipate shughuli. Sasa inakuja saa ambayo hesabu zote zinalegea zenyewe. Juzi mchana, watoto walipokwenda, nilijilaza majini peke yangu. Moyo ukaanza mchezo wake: ukakimbia, ukasita, ukakimbia. Vioo vya paa vikawa vinapumua. Nikaona kama nina umri wote niliowahi kuwa nao, kwa pamoja, na hakuna uliokuwa unamsukuma mwenzake. Filimbi aliniita mara tatu. Anasema mara tatu, mimi nilisikia moja.

Hospitali siendi. Wataniambia nimezeeka, na hilo kioo kilishaniambia bila kunipanga foleni. Kisha watanitazama kwa yale macho. Unayakumbuka yale macho waliyomtazamia bibi yako? Naye alianza hivihivi, mwanangu. Alianza kwa kutabasamu.

Basi tuyaache hayo. Vaa soksi mbili.

Mama yako


Jumapili, 30 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio sina.

Hukuwahi kuniambia kwamba unamfikiria Bibi. Miaka yote hii nilidhani tumekubaliana kuukumbuka upishi wake tu, tukayaacha yale ya mwisho, alipokuwa anakuita "dada" na kukuuliza mama yake amekwenda wapi. Kumbe umekuwa ukiyabeba peke yako.

Lakini Bibi hakuwahi kulalamika moyo. Hayo ni mambo mawili, na sijui kwa nini unayafunga kamba moja. Niandikie hata mistari mitatu.

Binti yako


Jumatatu, 21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui.

Wiki tatu tangu nikuandikie, sijapata jibu. Nikipiga simu unasema uko sokoni, na nyuma yako nasikia saa ya ukutani ya sebuleni kwetu. Siku za kazi unapokea simu saa nne asubuhi, saa ambayo kwa miaka yote umekuwa ndani ya maji. Nimempigia Filimbi. Alisema, "Mama yako atakuambia mwenyewe," akakata.

Nimekukosea? Niambie.

Binti yako


Jumatatu, 12 Mei

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi nipo. Hujanikosea kitu. Nimeianza barua hii mara tano. Ukiona mistari inateremka kama ngazi usijali, mkono ndio unateremka, mimi nimenyooka.

Ilikuwa Alhamisi, asubuhi nzuri isiyo na wingu. Watoto wote kumi na wawili walikuwa upande wa kina kifupi, ndani ya kamba yenye maboya. Kila baada ya muda mfupi nahesabu vichwa. Sihesabu kwa mdomo, macho tu yanapita. Miaka thelathini na moja macho yangu yanapita hivyo, hata nikiwa sokoni nahesabu wateja. Moyo ukaanza. Nikajua umeanza, na sikutoka majini. Hilo ndilo nataka ulisome vizuri. Nilijua, na sikutoka, kwa sababu palikuwa pazuri.

Mwanga ukapanuka. Nikahesabu. Nakuapia, niliviona vichwa kumi na viwili, vimetulia juu ya maji kama matunda kwenye sinia. Nikahesabu tena, kumi na viwili. Nikasikia filimbi, kwa mbali sana, nikaona ni sauti tamu. Kisha nikamwona Filimbi hewani. Alikuwa anaruka kutoka kwenye kiti, na viatu vyake.

Kulikuwa na vichwa kumi na kimoja. Msichana mmoja mwenye kofia ya njano alikuwa amepita chini ya kamba, yuko chini upande wa kina kirefu, nywele zimetoka kwenye kofia. Filimbi alimtoa akamlaza ukingoni, akambonyeza kifua, akampulizia. Watoto wengine walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, na sijawahi kuwasikia watoto wakinyamaza hivyo. Kisha akatapika maji, akalia. Mwanangu, mimi nimekusikia wewe ukilia mara ya kwanza duniani, na bado kilio cha mtoto yule kilinipita moyoni kuliko chako.

Na mimi? Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale majini, mikono nimeinyoosha mbele. Filimbi anasema nilikuwa natabasamu.

Mtoto ni mzima. Alikaa hospitali siku mbili, akarudi nyumbani kwao. Lakini ngoja, bado sijafika pabaya.

Mkuu wa bwawa alitaka maelezo. Filimbi akaandika kwamba yeye ndiye aliyechelewa kuona, kwamba alikuwa ameangalia pembeni. Aliandika hivyo huku mimi nimeketi naye kwenye meza ileile nimejifunga taulo. Nilikiona kila alichoandika. Wamemsimamisha miezi mitatu. Mimi nikasema nimechoka, nastaafu, nikaweka funguo zangu mezani, wakanipa mkono na kunishukuru. Kunishukuru! Ningesema ukweli ingebidi niseme na sababu, na sababu, nilivyoiona, ni ule ugonjwa wa bibi yako.

Sasa nakaa nyumbani. Asubuhi nakunja nguo nilizokwisha kukunja. Usije. Nataka unikumbuke nilivyokuwa ulipoondoka, nimesimama mlangoni, najua jina la kila kitu.

Mama yako


Jumamosi, 24 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, umeshaniambia.

Nimeisoma barua yako chooni kazini, nimejifungia, mpaka wenzangu wakagonga. Nimelia kwa ajili ya yule mtoto, kwa ajili ya Filimbi, na kwa ajili yako uliyesimama majini peke yako. Sikulaumu. Na tena, nakulaumu. Vyote viwili vipo na sijui la kufanya navyo.

Lakini sikiliza. Mimi si daktari, mimi ni mpima pampu. Nikikaa mezani, mbele yangu kuna geji ya mgandamizo na mshale wake. Pampu nzima inasukuma sawasawa, mshale unatulia. Ipo nyingine ambayo mota inawaka, inanguruma, ukiisikiliza utasema ni nzima, lakini inasukuma, inasita, inasukuma mara mbili haraka, inasita. Ukiifunga kwenye jumba refu, wa chini hawatagundua kitu. Wanaokosa maji ni wa ghorofa ya juu kabisa, na wao watadhani bomba lao ndilo limezeeka.

Mama, wewe unasema kichwa chako kimezeeka. Mimi nasema hakuna aliyeitazama pampu. Kila mara ulipopotea, moyo ulitangulia: kwenye ngazi, majini, Alhamisi ile. Umeniandikia wewe mwenyewe. Umeandika moyo kwanza, halafu mwanga.

Naomba ufanye jambo moja tu, na ni la kuhesabu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Mtafute Filimbi na saa yake ya kupimia waogeleaji. Hesabu dakika nzima. Kisha uniandikie ulichosikia, bila kupamba.

Kuhusu Filimbi, hilo la kuandikiwa makosa ambayo si yake, utalirekebisha. Silisemi kwa ukali. Nalisema kwa sababu nakujua.

Binti yako


Jumatatu, 16 Juni

Mwanangu,

Hujambo, Daktari wa Pampu? Mimi nimepata habari nyingi kuliko barua moja inavyobeba, kwa hiyo keti.

Kwanza nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano nikaenda kwa Filimbi. Nilidhani atanifungia mlango. Alikuwa anapanda nyanya kwenye makopo barazani, mkewe akaniletea kiti. Sikuweza kusema nilichokwenda kusema. Nikamwambia tu, "Nipimie dakika."

"Unaogelea wapi hapa?" akauliza.

"Nahesabu moyo."

Akaleta saa. Nikaweka vidole. Ee mwanangu! Moja, mbili. Kimya. Tatu-nne-tano kama watoto wanaosukumana mlangoni. Kimya tena, mpaka nikadhani basi. Sita, dhaifu, kama limepigwa na mtu mwingine. Nilipoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza. Filimbi akaniambia nimpe mkono, naye akapoteza. Tulitazamana. Huyu mtu amepima mapigo ya waogeleaji maisha yake yote. Akavaa viatu akasema, "Twende, sasa hivi, hivyohivyo na ndala zako."

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko wewe, sauti yake ya chini, hacheki ovyo. Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima. Hata mimi nisiyejua kuisoma niliona vilima havikupangwa. Akaniambia, "Vyumba vya juu vya moyo wako havipigi, mama. Vinatetemeka."

Nikamweleza yote: ngazi, mabasi, mwanga. Nilichukua muda mrefu, hakunikatiza. Kisha akasema damu yangu inafika kichwani, ila haifiki sawasawa. Pigo moja linakuja limejaa, linalofuata linakuja karibu tupu. Na ubongo hauna ghala. Ini lina akiba, misuli ina akiba, ubongo unaishi kwa kinachofika dakika hiyohiyo. Kikipungua, haupigi kelele. Unafifiza tu taa, chumba baada ya chumba, na mwenye nyumba anaweza kuona ni jioni nzuri.

Hayo ya jioni ni maneno yangu. Yeye alisema kwa lugha ya kwao madaktari.

Lipo na la pili. Damu inayozubaa kwenye vyumba vinavyotetemeka inaweza kuganda, na chembe ikipanda juu inaziba kamshipa. Wakanipiga picha ya kichwa. Akanionyesha vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi. Akasema hapo damu ilikosekana kabisa, na sehemu hizo hazitarudi. Nilikuwa nimejikaza mpaka hapo. Nikamuuliza, "Nitakuwa kama mama yangu?"

"Mama yako sijui alikuwa na nini," akasema. "Wewe najua una nini, na kina tiba."

"Tiba ya kichwa?"

"Ya moyo. Kichwa tutakiuliza chenyewe baadaye."

Nimempenda kwa kutonidanganya. Nameza dawa ya kuzuia damu isigande, asubuhi na jioni, na Filimbi anapiga simu kuhakikisha. Tarehe kumi na sita mwezi ujao watanichoma sindano ya usingizi na kuushtua moyo kwa umeme, ili usimame nukta moja na kuanza upya kwa mpangilio. Mwanangu, usimame! Hapo ndipo ninapoogopa. Nimewafundisha mamia ya watu kuzuia pumzi, lakini pumzi unaizuia mwenyewe.

Filimbi bado sijamwambia kitu. Alinishika mkono foleni nzima na mimi nikanyamaza.

Mama yako


Jumamosi, 28 Juni

Mama,

Shikamoo. Uliniandikia nisije. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi, na nimeamua haikuwa yako, ilikuwa ya kichwa kisichopata damu.

Fundi Mkuu alisema hapana, kuna kazi nyingi. Nikamwambia mama yangu anazimwa na kuwashwa tarehe kumi na sita. Akaitazama ile mishale yote ya geji ukutani, akasaini likizo.

Nafika tarehe kumi na tatu. Hutaogopa peke yako. Tutaogopa wawili, na mimi ni mzoefu kuliko wewe.

Binti yako


Jumatatu, 6 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Ulifika salama, najua, lakini niandikie kwa mkono wako ili niamini. Mimi sijambo, na safari hii silisemi kwa mazoea.

Tangu uondoke nimekuwa nikikusanya maneno ya kukuandikia. Hospitali ulikuwepo, uliona zaidi yangu. Mimi nakumbuka sindano, na uso wako umepinduka juu yangu kama unavyomwona mtu wa ukingoni ukiwa chini ya maji, na kisha uso uleule, na wewe unalia na kucheka, vidole vyako viwili viko kwenye kifundo changu. Ulikuwa unahesabu kwa sauti. Ulifika mia moja na kitu na ukakataa kuacha. Muuguzi alikuondoa kwa nguvu.

Moyo umetulia. Nilirudi kwa daktari wiki iliyopita, akasema mpaka sasa unakwenda vizuri, ila una haki ya kunigeuka siku yoyote, kwa hiyo dawa ni za maisha. Sawa.

Na kichwa? Kimerudi kwa mafungu. Mwezi wa kwanza ilikuwa kama mtu anafungua mapazia nyumbani, dirisha hili leo, lile keshokutwa. Nimeweza kusoma gazeti mpaka mwisho wa habari nikiwa bado najua mwanzo wake. Majina yamerudi, si yote. Ile jioni ulipotaja harusi ya binamu yako na jinsi nilivyocheza mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika, nilitabasamu kwa heshima, nawe ukajua. Harusi ile haipo, mwanangu. Nimeitafuta kila mahali. Itakuwa imekwenda na moja ya zile punje nyeupe. Niandikie ilivyokuwa, niisome kama ya mtu mwingine.

Na nikiri jambo ambalo nisingeweza kukuambia usoni. Ule mwanga naukosa. Sasa hivi dunia ina kingo kali, sahani ni sahani, ngazi ni ngazi. Wakati mwingine mchana nalala chali kitandani, nauita. Hauji. Namshukuru Mungu hauji, na nauita.

Kwa sababu damu ilipofika kichwani sawasawa, kitu cha kwanza ilicholeta ni aibu. Kabla yake Alhamisi ile ilikuwa kama ndoto niliyosimuliwa. Siku moja naosha kikombe nikaiona nzima, na kila sauti yake. Nikalala siku mbili. Ya tatu nikavaa.

Nilianza kwa mkuu wa bwawa. Nikamwambia: moyo wangu ulikuwa mgonjwa, nilijua haufanyi kazi vizuri, niliingia na watoto majini, na Filimbi aliandika uongo ili kunificha. Nikamwekea karatasi ya vilima mezani. Alinikasirikia, na ilimpasa. Filimbi walishamrudisha mwezi wa nane, lakini walimweka getini, anakata tiketi. Jumatatu iliyofuata alikuwa juu ya kiti chake. Kwangu hakuja wiki nzima. Alipokuja alisema, "Nilikuachia uongo mmoja ubebe, ukashindwa," kisha akacheka, kisha akafuta macho kwa ule mkono wake mkubwa. Nikamwomba radhi. Ni neno fupi sana kwa kazi iliyopaswa kufanya.

Kisha nikaenda kwa mama wa yule msichana. Ni mshonaji, ana chumba kimoja mbele ya nyumba yao, mashine mbili na kioo kirefu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, hakuniambia niketi. Sindano yake ilisimama katikati ya kitambaa. Nilipomaliza akauliza, "Ulijua unaumwa?"

"Nilijua kuna kitu. Sikutaka kujua ni nini."

"Na ukaingia naye majini."

"Nikaingia naye."

Mtoto alipita mbio akitoka shule, akanisalimia, "Shikamoo Mwalimu," kama vile tuliachana jana, akaingia ndani. Mama yake alimfuata kwa macho. Akasema, "Sitakupa mwanangu tena. Usiniombe."

Nikamwambia sikuja kuomba, na watoto sichukui tena, wa mtu yeyote. Daktari amenikataza, na mimi nilijikataza kabla yake. Nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita, bila "Mwalimu", bila kitu.

"Mtu mzima anaweza kujifunza?"

Alikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, hanitazami. Akasema tangu siku ile kinachomwamsha usiku si kwamba hakuwepo. Ni kwamba hata angekuwepo, amesimama palepale ukingoni, asingeweza kufanya lolote. Mtoto anataka kurudi majini, Filimbi ndiye atamfundisha. "Sitaki kukaa kwenye benchi nikiomba," akasema. "Nataka niweze kuruka."

Nilimuuliza daktari kwanza. Akasema maji ya kifuani, si zaidi, na mwokoaji awepo. Nikamuuliza Filimbi. Akasema yupo.

Tumeanza wiki mbili zilizopita, asubuhi, kabla watoto hawajaja. Anaogopa, mwanangu! Ananishika mpaka mikono yangu imejaa madoa ya zambarau, maana kwa hizi dawa hata nikiguswa na shuka nabaki na alama. Haniiti kwa jina lolote. Hajanisamehe na sijamuuliza. Anafanya ninachomwambia, anameza maji, anakohoa, anarudi.

Leo aliachia. Nilimlaza chali, nikamshika mgongo kwa viganja viwili, kisha kimoja, kisha ncha za vidole. Kisha nikaondoa. Alibaki juu ya maji, macho kayafungua, anatazama vioo vya paa, kidevu kinamtetemeka. Filimbi alikuwa kitini. Moyo wangu ulikuwa unakwenda, tuli, moja baada ya jingine, nikiusikia mpaka masikioni.

Mwanafunzi ni mmoja tu, mwanangu. Hata hivyo nilihesabu: mmoja. Nikangoja kidogo, macho yakapita tena juu ya maji yote, mpaka kwenye pembe nne. Mmoja.

Mama yako